Boksi la Scrabble Lina K Moja Tu

Disemba iliyopita nilishikwa nikiiba. Sikuiba pesa wala kuku wa jirani. Niliiba neno.

Tulikuwa ushago kwa shosho, stima zimepotea kama kawaida, mvua inapiga mabati, na neti ya maana inapatikana tu ukikaa karibu na dirisha la jikoni. Cuzo wangu, msichana wa gredi ya 8, akatoa boksi la Scrabble alilopewa na mjomba, kona zote zimeshikiliwa na selotepu. Akauliza nani anacheza. Nikajitokeza kifua mbele. Mimi ndiye mtu wa maneno kwa hii familia, si ndio? Kutwa nzima niko kwa simu nikiandika na kuongea. Nikaambia watu waandae makofi.

Alinipiga kwa zaidi ya pointi 100.

Raundi ya pili nikahamia karibu na lile dirisha, simu chini ya meza. Nikafungua moja ya zile apu ambazo unaingiza herufi ulizo nazo, nayo inakutemea kila neno la Kiingereza linaloweza kutoka humo. Herufi zangu saba zilikuwa A, E, I, N, R, S, T. Hata sekunde haikuisha, orodha ikaja. Nikachagua RETINAS, nikaiweka kwa madaha. Ukimaliza herufi zote saba kwa mpigo mmoja unaongezewa pointi 50, kwa hivyo nikaanza kujihesabia kwa sauti.

Cuzo akaniangalia. "Hiyo ni nini?"

"Ni kitu ya macho."

"Kitu gani ya macho?"

Kimya.

"Wee, leta simu."

Watu walicheka hadi shosho akatoka jikoni kuuliza nani ameanguka. Hiyo aibu niliimeza, nilistahili. Kilichobaki nami ni kitu alichosema baadaye tukikusanya vibao vya herufi gizani: "Lakini mbona unaiba na ni wewe unajuanga Kizungu? Mimi nabahatishanga tu. Mwalimu anasema Kizungu changu ni kibaya."

Yaani mtoto amenilaza chini mbele ya ukoo mzima, na bado anaamini mwenye akili ni mimi. Nililala na hilo neno. Nikarudi Nairobi nalo. Nikaanza kusoma ili nijue huu mchezo wa kutafuta maneno ya Kiingereza ndani ya herufi ulitoka wapi, nani aliamua herufi gani ni ghali, na kama kweli unapima "kujua Kizungu". Hii posti ndiyo nilichopata.

Kibao cha shingoni

Kabla ya historia ya wengine, nianze na yangu kidogo.

Nikiwa shule ya msingi tulikuwa na diski. Kama hukupitia, shukuru Mungu. Ni kibao cha mbao chenye uzi. Ukipatikana ukiongea lugha ya mama, au hata Kiswahili siku ambayo si ya Kiswahili, unavalishwa. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza, umpokeze. Jioni mwenye nacho anaitwa mbele, na fimbo inajua kazi yake. Nilikivaa mara nyingi kiasi kwamba rafiki zangu walisema ni sehemu ya yunifomu yangu.

Haikuanza na sisi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi wanafunzi wa enzi ya mkoloni walivyovalishwa kibao cha chuma chenye maandishi ya kuwaita wajinga, kosa lao likiwa kuongea Gĩkũyũ karibu na shule. Mkoloni alienda. Kibao kilibaki, kikabadilika tu kutoka chuma hadi mbao.

Ndiyo maana wengi wetu tumekua tukiamini hesabu moja rahisi: maneno mengi ya Kiingereza ni akili nyingi. Na Scrabble, Wordle na ndugu zao huonekana kama mtihani wa hiyo akili. Sasa ebu tuangalie huo mtihani uliandikwa na nani.

Watu walianza kwa kuhesabu

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kucheza na herufi hakukuanza na Kiingereza hata kidogo. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika kuhusu kuhesabu herufi ni al-Kindi, msomi wa Baghdad wa karne ya 9. Yeye hakuwa akitafuta pointi, alitaka kusoma barua za siri. Alieleza hivi: chukua maandishi marefu ya kawaida katika lugha hiyo, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Halafu hesabu alama kwenye ile barua ya siri. Alama inayotokea sana kuliko zote huenda ni ile herufi inayotokea sana kuliko zote. Endelea hivyo hadi barua ifunguke.

Hapo ndipo siri nzima ilipo. Kila lugha ina herufi inazozipenda na herufi inazozikwepa. Huhitaji kuwa na lugha nzima kichwani kuliona hilo. Unahitaji karatasi, kalamu na subira.

Karne nyingi baadaye, wachapishaji wa vitabu na magazeti walilijua hilo kwa mikono. Mtu anayepanga herufi za chuma moja moja lazima awe na E nyingi sana kama anachapisha Kiingereza, na Q chache tu. Miaka ya 1830 huko Marekani, Alfred Vail, aliyefanya kazi na Samuel Morse kwenye telegrafu, inasimuliwa kwamba alienda kwa mchapishaji katika mji wa Morristown, New Jersey, akaangalia kila herufi ina vipande vingapi kwenye visanduku. Ndiyo maana kwenye msimbo wa Morse herufi E ni nukta moja tu, na T ni mstari mmoja. Zinazotumika sana zikapewa alama fupi ili watuma ujumbe wasichoke.

Kumbuka hilo la visanduku vya mchapishaji, kwa sababu jamaa anayefuata alifanya kitu kinachofanana sana na hicho.

Jamaa aliyepoteza kazi

Alfred Mosher Butts alizaliwa 1899 huko Poughkeepsie, jimbo la New York. Alikuwa msanifu majengo. Uchumi wa Marekani ulipoporomoka, watu wakaacha kujenga, na mwaka 1931 akapoteza kazi. Hii sehemu vijana wa Nairobi hawahitaji kuelezewa. Una cheti, una ujuzi, na asubuhi huna pa kwenda.

Butts akaamua kutengeneza mchezo. Alikaa akachambua michezo iliyokuwepo: kuna ya bahati kama dadu, kuna ya akili tupu kama chesi, na kuna ya maneno. Alitaka uliochanganya bahati na ujuzi. Swali likawa, utaweka A ngapi? Z ngapi? Kila herufi iwe na thamani gani?

Akachukua magazeti, ukurasa wa mbele wa New York Times ukiwemo, akaanza kuhesabu herufi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Fikiria huyo mtu nyumbani kwake, hana kazi, anaweka alama za penseli: E, E, T, A, E. Mke wangu anapita anasema nini? Sina mke, lakini mnaelewa.

Kutoka kwa hesabu hiyo ndipo likatoka boksi tunalolijua hadi leo. Vibao 100. E ziko 12 na kila moja ni pointi 1. A ziko 9, I ziko 9, O ziko 8. Q iko moja, Z iko moja, pointi 10 kila moja. J na X ni pointi 8. Viwili ni vitupu, unavipa herufi unayotaka. S aliziwekea kikomo cha 4 makusudi, maana kwa Kiingereza S inageuza karibu kila kitu kuwa wingi, na mchezo ungekuwa rahisi mno.

Na K? K iko moja tu. Pointi 5.

Mchezo wenyewe ulianza kwa jina Lexiko, halafu 1938 akaweka ubao wa miraba na kuuita Criss-Cross Words. Kampuni kubwa za michezo zilimkatalia. Alikuwa akitengeneza seti kwa mkono wake mwenyewe, ubao anauchora kwa vifaa vya usanifu, herufi anazigundisha juu ya vipande vya mbao nyepesi. Mwaka 1948 jamaa anayeitwa James Brunot akachukua haki za kuutengeneza, akampa Butts asilimia ndogo ya kila seti, na kuuita Scrabble. Mwaka 1949 Brunot na familia yake waliunda seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Ni 1952 ndipo mambo yalipobadilika, wakati bosi wa duka kubwa la Macy's la New York aliucheza likizoni, akarudi na kushangaa kwa nini duka lake haliuuzi. Ndani ya miaka miwili mamilioni ya nyumba Marekani zilikuwa nao.

Kuna kitu kimoja kuhusu Butts ambacho nakipenda sana. Mwenyewe hakuwa bingwa wa kuandika maneno bila makosa, na mkewe Nina, aliyekuwa mwalimu, alikuwa akimshinda. Mwenye mchezo anapigwa kwa mchezo wake. Cuzo, uko na ndugu.

Haraka haraka haina baraka

Sasa rudi kwa ile K moja.

Nilipoliona hilo niliweka simu chini, nikachukua kalamu kama Butts. Nikaandika methali ya kwanza iliyonijia: haraka haraka haina baraka. Nikahesabu. Herufi ziko 23. A ziko 11. Karibu nusu nzima ni A! H ziko 3, R ziko 3, K ziko 3. E hakuna hata moja.

E, mfalme wa Kiingereza, mwenye vibao 12 kwenye boksi, hayumo kabisa.

Jaribu kuiandika hiyo methali kwa boksi la Scrabble. Haiwezekani. A unazo 9, ongeza vile vibao viwili vitupu ufikishe 11, na hapo umeishiwa msaada. K tatu utazitoa wapi? H ziko 2 tu. Bila vibao vitupu huwezi kuandika kuku. Huwezi kuandika kaka. Huwezi kuandika kikoi wala kikombe. K yetu ya kila siku, ile ya kula, kulala, kucheka na kukopa, pale ndani imekuwa kitu adimu cha pointi 5.

Sisemi Butts alitukosea. Hakuwa akituwaza, alikuwa akihesabu gazeti la mji wake. Na hiyo ndiyo pointi yangu. Thamani ya herufi haikushuka kutoka mbinguni. Ni picha ya lugha moja, kwenye magazeti ya nchi moja, miaka ya 1930, iliyohesabiwa na mtu mmoja aliyekuwa anatafuta namna ya kulipa bili.

Ukitaka ushahidi, vuka mpaka. Kwenye seti ya Kifaransa, K na W ni pointi 10 kila moja kwa sababu Wafaransa karibu hawazitumii. Kwenye seti ya Kipolandi, Z, ile yenye pointi 10 kwa Kiingereza, iko mara 5 na ni pointi 1. Herufi ni ileile, mstari uleule wa kukatiza, lakini Warsaw ni bei ya nyanya sokoni na London ni bei ya dhahabu. Kwa hivyo mtoto wa hapa akikaa na boksi la Kiingereza, masikio yake yamejaa A na K na W na maneno yanayoishia kwa irabu, asiwe wa haraka kama mtoto wa New York, tatizo si ubongo. Anacheza kwa hesabu ya gazeti la watu wengine. Na akishinda, kama cuzo alivyonishinda, ujue amefanya kazi mara mbili.

Apu inafikiria nini

Tuongee kuhusu silaha niliyotumia kuiba.

Nilidhani hizi apu zina akili fulani kubwa. Kumbe njia yake ya msingi unaweza kuifanya kwa daftari. Chukua neno SIMBA. Panga herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti: A, B, I, M, S. Sasa chukua MSIBA. Panga vilevile: A, B, I, M, S. Unaona? Maneno mawili, ufunguo mmoja. Simba na msiba wanaishi nyumba moja, wanatofautiana tu nani ametangulia kutoka mlangoni.

Sasa fanya hivyo kwa kamusi nzima. Kila neno lipe ufunguo wake. Halafu mtu akileta herufi zozote, zipange kwa alfabeti, uende moja kwa moja kwenye ufunguo huo. AEINRST ukiifungua unakuta NASTIER, RETAINS, RETINAS, STAINER na mengine. Hakuna uchawi. Wachezaji wakubwa walikuwa wakisoma orodha za namna hii kwenye karatasi kabla sisi hatujazaliwa.

Kompyuta ziliongeza kasi. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Andrew Appel na Guy Jacobson, walichapisha maelezo ya programu ya Scrabble iliyokuwa na mbio kushinda zilizotangulia. Waliipanga kamusi kama barabara za mtaa: maneno yenye mwanzo mmoja yanatembea pamoja hadi yanapoachana, na yenye mwisho mmoja yanakutana tena mbele. Badala ya kujaribu kila mpangilio wa herufi, mashine inafuata tu barabara zilizopo, na ikifika ambapo hakuna njia inageuka.

Lakini angalia kitu: programu hiyo haikujua maana ya neno hata moja. Haikujua retina ni nini. Kama mimi tu.

Bingwa wa Kifaransa asiyejua Kifaransa

Kama bado unaamini kutafuta maneno ni "kujua lugha", nikutambulishe kwa Nigel Richards wa New Zealand. Huyu ni bingwa wa Scrabble ya Kiingereza mara kadhaa. Mwaka 2015 akaenda Ubelgiji akashinda ubingwa wa dunia wa Kifaransa. Sawa, watu wa lugha nyingi wapo. Shida ni kwamba Kifaransa hakuwa akikiongea. Alikuwa amekaa na kamusi kama wiki tisa, akaweka maneno kichwani kama picha, akaenda kuwapiga wenye lugha. Mwaka 2018 akarudi akashinda tena. Mwaka 2024 akafanya vilevile kwa Kihispania, huko Granada, Uhispania.

Huyo si mtu aliyejua lugha tatu. Huyo ni mtu aliyejua orodha tatu.

Na sasa yule ambaye jina lake lingepaswa kuwa kwenye kuta zetu. Wellington Jighere wa Nigeria. Novemba 2015, mji wa Perth, Australia, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali alimkuta Lewis Mackay, Mwingereza. Mwingereza, kwa Kiingereza! Akamfunga 4–0. Moja ya maneno aliyoyaweka kwenye mchezo wa mwisho ni FELTY, herufi tano, pointi 36. Rais Muhammadu Buhari alimpigia simu kumpongeza.

Wanigeria walishindaje? Si kwa kukariri maneno marefu ya kutisha. Walijulikana kwa mbinu ya kinyume: mara nyingi wanaweka neno fupi la herufi tano hata pale wangeweza kuweka refu, ili wabaki na herufi nzuri mkononi na wasimfungulie mpinzani nafasi. Wakafanya mazoezi kama timu ya mpira, na kocha, na hesabu. Nchi iliyotawaliwa na Waingereza, kama yetu, ilichukua orodha ya maneno ya Mwingereza ikaifanya kiwanja cha mazoezi. Hawakuomba ruhusa ya lafudhi.

Miaka miwili baadaye, 2017, mashindano ya dunia ya wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza yalikuja hapa hapa Nairobi. Wangapi wenu mlijua? Mimi sikujua. Nilikuwa mji huohuo nikiwaza kwamba huo mchezo ni wa watoto wa shule za bei ghali.

Nani anashika orodha

Kitu cha mwisho kabla nirudi ushago. Kila mchezo wa aina hii unategemea orodha: hili ni neno, hili si neno. Na orodha ina mwenyewe.

Wordle ni mfano mzuri. Josh Wardle aliuunda kwa ajili ya mpenzi wake, Palak Shah. Maneno ya Kiingereza ya herufi tano ni kama 12,000, mengi hakuna mtu anayatumia. Shah akapitia orodha na kubakisha kama 2,500 ya kuwa majibu. Novemba 1, 2021 mchezo ulikuwa na wachezaji 90. Mwanzoni mwa Januari 2022 walikuwa zaidi ya 300,000, na kabla mwezi huo uishe New York Times ikaununua. Dunia nzima ilikuwa ikikisia kila asubuhi maneno ambayo mwanamke mmoja alikuwa ameyatambua.

Na orodha kubwa ya Scrabble ya Collins, inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa? Humo ndani nilikuta kitu kilichonifanya nicheke peke yangu kwenye matatu. UGALI imo. MATATU yenyewe imo. UHURU imo, HARAMBEE imo, MZEE imo. Zote zinahesabiwa ni maneno ya Kiingereza. Na kwa kuwa ni ya Kiingereza, yana wingi wa Kiingereza: UGALIS. MZEES.

Mnaona hii kitu? Mimi nilivalishwa kibao shingoni kwa kusema maneno ambayo leo mtu akiyaweka mezani huko London anapewa pointi. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni nani ameliandika kwenye orodha.

Siwaambii muache Kiingereza. Hata mimi sitaacha, kazi zinakitaka, na ukweli usemwe, ni lugha tamu ukiizoea. Siwaambii pia msitumie apu, ukitaka kujifunza tumia, ila si chini ya meza. Ninachosema ni kwamba tuache kuitumia hii lugha kama mizani ya kupima akili ya mtoto. Historia nzima ya huu mchezo, kuanzia Baghdad hadi Perth, ni ya watu waliohesabu, waliopanga, waliorudia. Hakuna mahali iliwahitaji waongee kama redio ya Uingereza. Mwalimu anaweza kuwa sahihi kwamba insha ya mtoto ina makosa. Makosa ya insha yanarekebishwa. Lakini mtoto akishaamini kwamba kushinda kwake ni bahati na kushindwa kwake ndiyo asili yake, hiyo utairekebisha na kalamu gani?

Pasaka nilirudi kwa shosho. Nilimwambia cuzo yote haya, kuhusu Butts na magazeti yake, kuhusu Nigel na wiki zake tisa. Akanisikiliza, halafu akaenda akaleta daftari la hesabu. Kurasa za nyuma zote zilikuwa zimejaa maneno ya herufi mbili na tatu, yamepangwa kwa mistari: QI, ZA, JO, XU. Alikuwa ameyanakili mwenyewe, kwa mkono, mwaka mzima, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

"Na ukaniambia unabahatisha?"

Akainua mabega. "Sikujua hiyo inaitwa kujua."

Tukacheza. Simu yangu aliiweka juu ya kabati, sharti lake. Katikati ya mchezo akaweka M, Z, E, E kisha akanitazama kama anayeomba ruhusa. "Hii si ni Kiswahili?" Nikamwambia aandike pointi zake: 3, 10, 1, 1. Kumi na tano. Shosho, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, akauliza mzee amepewa pointi ngapi. Tukamwambia. Akauliza, na shosho je? Tukamwambia shosho bado hayuko kwa orodha.

"Hiyo orodha yenu haijakamilika," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Nilipigwa kwa pointi 64. Bila simu. Na safari hii cuzo hakusema ni bahati.